Usimeze Mwisho wa Neno

Mwalimu wetu wa kwaya aliamini kwamba nusu ya dhambi za dunia zimo katika silabi ya mwisho. Mtu huanza neno vizuri, alisema, hulishika kichwa, hulibeba kiunoni, halafu akifika mlangoni analiangusha. "Usimeze mwisho wa neno." Siku moja tulikuwa tunaimba "nakushukuru, Bwana," nami kwa uchovu wa shifti nikaishia "nakushuku." Hakugeuka. Alinyoosha tu mkono nyuma yake, na kidole kikanipata mimi kati ya watu wote wa safu ya mwisho.

"Besi. Unamshuku Mungu? Amekuibia nini?"

Masikio yake yalikuwa hivyo. Nikisema angeweza kukaa Sutton Coldfield, kaskazini kabisa mwa Birmingham, akasikia mtu anameza irabu Northfield, kusini kabisa, mtasema natia chumvi. Natia, lakini kidogo.

Hakutuita kwa majina. Tulikuwa Soprano, Alto, Tena na Besi, na kama sauti moja ilikuwa na watu sita, basi wote sita waligeuka. Nasi tulimwita Mwalimu tu. Jina lake la kwenye pasipoti nililiona mara moja, nikalisahau kwa heshima. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa kadiri, na koti lake la rangi ya haradali lilivaliwa majira yote manne, hata siku zile mbili za mwaka ambazo Birmingham hupata jua. Ndani ya mfuko wa koti zilikaa pipi za tangawizi. Ungedhani ni zawadi ya walioimba vizuri, lakini alimpa yule aliyetoka kugombezwa. Alikusema mpaka ukatamani sakafu ipasuke, kisha akapita karibu yako akakutia pipi kiganjani bila kukutazama. Nadhani mimi peke yangu nilimaliza shamba zima la tangawizi.

Tuliimbia katika ukumbi wa kanisa la kuazima, nyuma ya maduka ya Northfield. Waingereza walisali asubuhi, wakatuachia harufu ya chai na viti vilivyopangwa kama makaburi ya askari. Sisi tuliingia mchana tukavivuruga. Wengi wetu walikuwa familia za kutoka mashariki ya Kongo, waliofika kama wakimbizi. Kisha Wakenya, manesi na watunza wazee. Watanzania tulikuwa wachache, na mimi nilihesabiwa wawili kwa sababu ya unene. Kila mtu alikuja na Kiswahili chake kama anavyokuja na sufuria yake kwenye sherehe. Zote zinapika, lakini kila mmoja anajua mfuniko wake.

Mwalimu alikuwa Mkenya, lakini sikumsikia akimsahihisha Mkongomani hata siku moja. Baba Furaha, Tena wetu mkubwa kutoka Bukavu, aliposema "batu" pale tuliposema "watu," Mwalimu alitikisa kichwa kukubali. "Imbeni cha kwenu," alisema. "Ila mkimalize."

Mchana wa siku za kazi alikuwa mtunzaji katika nyumba ya wazee huko Sutton Coldfield. Alipanda treni Northfield, akavuka mji mzima kutoka kusini hadi kaskazini, midomo ikicheza bila sauti, akipanga nani aingie wapi. Abiria waliomkalia jirani walihama viti. Kwa wazee wale alikuwa mtu mwingine kabisa, nimeshuhudia mwenyewe siku nilipompelekea funguo alizosahau ukumbini. Kulikuwa na mzee mmoja ambaye kila neno alilianza tu, nguvu za kulimalizia hakuwa nazo. Mwalimu alikaa kitandani pake, akasubiri. Alisubiri kwa namna ambayo sisi wa kwaya hatukuwahi kusubiriwa. Nilipomuuliza mbona yule anaruhusiwa kumeza, alinitazama juu ya miwani.

"Yule hamezi. Yule anatafuta."

Kwa sisi tuliokuwa na nguvu, alikuwa na adhabu yake. Ukichelewa mazoezi hakukukemea mbele za watu. Aliinua kidole kimoja, akasema taratibu, "Wewe, tutamalizana." Nchi hii imenitisha kwa vitu viwili: bahasha ya kahawia ya serikali chini ya mlango, na neno hilo. Nimewahi kushuka basi kituo kimoja kabla ya ukumbi nikakimbia, mimi na mwili huu, ili nisiambiwe tutamalizana.

Mliweke neno hilo akilini. Litarudi.

Kuhusu mwanawe tulijua jambo moja, kwamba yuko Amerika. Kwa watu kama sisi hilo lilitosha. Mtu akiwa Amerika tunamjengea nyumba vichwani mwetu, tunampa gari, tunamwozesha. Alto mmoja, nesi Mkenya aliyependa kujua mambo, ndiye aliyemhoji wakati wa chai.

"Kijana hajambo, Mwalimu?"

"Hajambo. Amenenepa kidogo."

"Alishapata makaratasi?"

"Makaratasi anayo mengi sana."

"Mungu ni mwema. Na kazi?"

"Siku hizi wamemweka jikoni. Anapikia watu wengi."

"Hoteli kubwa, basi."

"Kubwa," alisema Mwalimu, akipuliza chai. "Ina walinzi."

Hakusema uongo hata nukta moja. Yeye, aliyetuchapa kwa kidole kwa ajili ya silabi, kila alipomzungumzia mwanawe aliacha mwisho wa habari kooni. Nimeliwaza jambo hilo mara nyingi. Nadhani alijua hasa kumeza ni nini, ndiyo maana hakuvumilia kuona sisi tunafanya mchezo.

Tulikuja kuujua mwisho huo kwa ujinga wetu, na ujinga wetu ulianza hivi. Jumamosi moja katikati ya mazoezi simu yake iliita. Alitoka nayo, akakaa ukumbi mdogo wa mlangoni, akarudi na uso uleule. Baba Furaha, aliyekuwa akibeba viti pale mlangoni, alimuuliza kuna nini. Mwalimu alijibu maneno matano tu: "Korti imekataa ombi la mwili." Kisha akatuimbisha mpaka mwisho, akafunga kitabu, akaenda kupanda basi.

Sasa mwili. Msomaji, wewe na mimi tunajua. Watu wetu wakipigiwa simu wakaambiwa habari ya mwili, hawaulizi mwili gani. Wanatafuta kitambaa cha kichwa. Baba Furaha aliunganisha: mtoto yuko Amerika, amekufa huko, na serikali ya kule imekataa kuutoa mwili uzikwe. Kufikia mchana wa Jumapili, watu mia tano tulikuwa kwenye ngazi za nyumba yake. Mwalimu baadaye alisema tulikuwa ishirini na kitu, pamoja na mtoto mchanga. Sawa. Lakini ngazi zilijaa. Kulikuwa na sombe, kisamvu cha Wakongomani, ndani ya sufuria mbili kubwa, chapati zilizofungwa kwenye taulo, makreti ya soda. Akina mama walivua viatu chini kabisa, wakaanza kulia kuanzia ngazi ya kwanza ili wafike juu wakiwa wamekolea. Mzee wa Kiingereza wa mlango wa jirani alifungua, akatuona, akafunga, kisha akafungua tena akiwa amebeba viti viwili vya kukunja.

Mwalimu alitokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Nani amekufa?"

Kilio kikakatika. Baba Furaha akavua kofia.

"Mama, pole sana. Tulisikia bamekatala kutosha mwili ya mutoto. Alors, tukasema hapana. Tutalia kwanza, kisha tutaenda wote ku ambassade, kwa ubalozi."

Mwalimu aliegemea kizingiti. Alicheka, nikamwona anacheka, mara ya kwanza. Kicheko kilikwenda, kikakata kona, kikawa kilio. Aliyeuliza ni Furaha mwenyewe, binti wa Baba Furaha, mtoto wa hapahapa, anayesikia Kiswahili chote na kujibu Kiingereza.

"So he's not dead?"

"No, my dear," alisema Mwalimu. "He is in prison."

Neno la jela alilisema kwa Kiingereza, kwa sababu mtoto aliuliza kwa Kiingereza. Sijui kama angeliweza kwa Kiswahili siku hiyo. Kisha akasogea kando ya mlango. "Ingieni. Mmeshapika, na maiti haipo. Mtakula hivyohivyo."

Tulikula matanga ya mtu aliye hai, tumekaa sakafuni, na yeye akatueleza. Mwanawe aliishi na kijana mwenzake, marafiki wa toka shule. Waligombana kwa sababu ya gari, mmoja aliliazima akalirudisha limebonyea. Asubuhi moja mwenzake alikutwa amekufa kwenye maegesho nyuma ya nyumba yao. Polisi walimchukua mwanawe, wakamhoji mpaka Kiingereza kikamtoka, akaanza kujibu kwa Kiswahili.

"Mtu akiogopa, mdomo wake hurudi nyumbani," alisema Mwalimu.

Wakamtafutia mtu aliyedai kukijua Kiswahili. Kwenye kanda mwanawe anasikika akisema: "Mimi na yeye tulikuwa na maneno, lakini usiku ule nilimalizana naye." Yule mtu akawaandikia kwa Kiingereza kwamba kijana amesema, usiku ule nilimmaliza.

Sina haja ya kuwaeleza ninyi. Pale sakafuni pia hakuna aliyehitaji kuelezwa. Watu walitua matonge. Alto alijisemea polepole, "Nilimalizana naye. Nilimmaliza. Ni 'na' tu imeanguka."

"Kwetu tungesema, tulisikilizana," alisema Baba Furaha. "Maneno imeisha. Amani."

"Amani," alisema Mwalimu. "Walipatana saa mbili usiku, wakala pamoja. Hilo ndilo alilokuwa akiwaambia. Wazee wa baraza walisomewa nilimmaliza, wakampa kifungo cha maisha."

Wakili wa kwanza hakumleta mtu mwingine yeyote kusikiliza ile kanda. Mahakama za jimbo zilisema ndiyo hivyo tena. Ikabaki mahakama ya shirikisho, ambako mfungwa anaweza kupeleka ombi lenye jina la Kilatini. Maana yake, Mwalimu alivyoelezwa na wakili mpya, ni kumwambia mwenye jela: ulete mwili wa mtu huyu hapa mbele yetu, utuambie unaushika kwa haki gani. Hilo ndilo ombi la mwili. Jaji mmoja alikuwa amelikataa. Sasa zilibaki hatua mbili: kuomba ruhusa ya kukata rufaa, na ruhusa ikipatikana, kusikilizwa na majaji watatu.

"Basi bataona wenyewe hakuua," alisema Baba Furaha.

"Hawaulizi kama aliua. Wanauliza kama wale wa kwanza walikosea vibaya mno. Kukosea kidogo kunaruhusiwa."

Hapo ndipo nilipoona kwamba mwanamke huyu ameishi miaka yote ile na sentensi hiyo mfukoni, pamoja na pipi.

Ruhusa ilipatikana. Wakili akapiga simu akisema anataka viapo vya Waswahili wa nchi mbalimbali, kila mmoja aeleze "nilimalizana naye" ni nini kwao. Kazi ya kuandika ilinijia mimi, kwa kuwa nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni ya Kiingereza na hesabu, na cheti changu kilikuwa bado na joto la mashine. Tulikutana ukumbini baada ya ibada. Nilivaa tai. Niliandika kiapo changu kwa kalamu nzito, kisha nikasimama nikakisoma: kwamba mimi, mzaliwa wa Tanzania, nathibitisha kuwa hakuna Mswahili hata mmoja chini ya jua, tangu ulimwengu kuumbwa, aliyewahi kulitumia neno kumalizana kwa ubaya.

Watu walipiga makofi. Mwalimu hakupiga.

"Besi, ulimwengu ukiumbwa ulikuwa wapi?"

"Ni namna ya kusema tu, Mwalimu."

"Korti haili chumvi. Andika unachokijua."

Nilikuwa nakata mstari wa kwanza wakati Alto alipoanza kucheka. Alicheka vizuri, bila nia mbaya. "Lakini kweli, Mwalimu, si wewe mwenyewe ndio hutuambia, wewe, tutamali..."

Akanyamaza katikati ya neno. Naapa radieta za kuupashia joto ukumbi ule, ambazo hulia kama punda mchana kutwa, nazo zilinyamaza.

Kila mtu alikiona akilini kile kidole. Hatukuwa tumewahi kuuliza maana yake, kwa sababu maana yake tuliijua magotini. Mwalimu alikaa kwenye kiti cha piano, mgongo umenyooka. Aliyesema kwanza ni Baba Furaha, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea karibu na mgonjwa.

"Mama, hiyo tusiandike. Amerika iko mbali. Nani atajua?"

"Ni ya utani, ile," alisema Alto. "Ni ya kutisha watoto."

"Inatisha," alisema Mwalimu. "Nikikuambia, hutishiki?"

"Natishika."

"Basi."

Nikamwambia, na hapa sikutia chumvi hata chembe, kwamba upande wa serikali ukilipata jambo hilo, utalitumia kumwacha ndani. Kwamba wakili hakuuliza habari ya vitisho. Aliuliza habari ya nilimalizana naye, basi, na hiyo ni amani mbele ya Mungu na watu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na adabu hiyo, ya kusikiliza mwisho hata wa neno asilolitaka.

"Mwanangu amefungwa kwa neno lililotafsiriwa nusu," alisema. "Simtoi kwa nusu nyingine."

Akaomba kalamu. Kama neno lina upande mwingine, alisema, upande huo ni wangu, na nitauandika mimi. Aliandika kwamba yeye ni mama wa mfungwa. Kwamba "tutamalizana," ikielekezwa mbele na kidole kikiinuliwa, ni kitisho, naye huitumia kwa wanakwaya wachelewaji. Kwamba "nilimalizana naye," ikielekezwa nyuma, baada ya maneno, ni mapatano. Na kwamba mwanawe alisema ile ya nyuma. Aliusoma mwandiko wake kimoyomoyo, midomo ikicheza kama kwenye treni, akanipa nitafsiri. Nilitafsiri kila silabi. Sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko ile, na nimepakua malori.

Wakili, Mwalimu alituambia, alimwomba amsomee mara ya pili kwenye simu. Kisha akasema ataviwasilisha vyote.

Kusubiri kulimpunguza mwili, si ukali. Tulimaliza majira mawili ya Krismasi tukisubiri. Watu waliompenda walimpikia. Watu walewale waliompenda walinong'ona kwenye maegesho kwamba mama gani huandika vile juu ya mtoto wake. Nilimsikia hata Baba Furaha akisema, naye ndiye aliyekuwa akimpeleka nyumbani kwa gari kila Jumapili. Mwalimu aliyajua yote. Aliendelea kuingia kwenye gari hilo, kukaa mbele, kufunga mkanda.

Kitu kimoja kilibadilika. Hakusema tena "tutamalizana." Tulichelewa, mimi wa kwanza, nikaingia na kusimama safu ya nyuma nikingoja kidole. Alinitazama juu ya miwani, akanihesabia mapigo ya kuingilia. Tungelipa chochote atutishe.

Hukumu ilipokuja aliniomba niisome kwa sauti, pale penye birika la chai. Majaji wawili walilikataa ombi. Waliandika kwamba tafsiri huenda ilikuwa na kasoro, lakini hata mama wa mfungwa mwenyewe anakiri kwamba neno hilo hutumika kutisha, kwa hiyo mahakama za jimbo hazikukosea kupita kiasi. Jaji wa tatu alipinga. Yeye alikishika kipande kilekile, akaandika kwamba shahidi anayesema lile lisilomfaa ndiye wa kuaminiwa anaposema lile linalomfaa. Akaliandika neno lote, kwa Kiswahili, na ile "na" yake.

Baba Furaha alikuwa amesimama mlangoni. "Nilisema, Mama," alisema. Hakulisema kwa kushinda. Machozi yalikuwa yamemfika shingoni.

"Ulisema, Baba. Nilikusikia." Kisha akanigeukia. "Besi, rudia mwisho."

Nikarudia maneno ya jaji wa tatu. Aliyasikiliza kichwa kikiwa upande mmoja, kama anavyosikiliza sauti inayokaribia noti yenyewe. Halafu akaenda mbele, akatupatia noti ya kuanzia, tukaimba. Siku hiyo hakumgombeza mtu na hakumpa mtu pipi.

Mwaka uliofuata nilipata kazi ya kuandikia watu hesabu za fedha katika mji wa Coventry, cheti kikazaa matunda, nikaacha kwaya. Nilikuja kumwona tena asubuhi moja Digbeth, katikati ya Birmingham, kwenye kituo cha mabasi ya mbali. Kituo kile cha zamani, wanaokijua wanakijua: njiwa walikuwa wengi kuliko abiria, na walikuwa na dharau zaidi. Nilikuwa nashuka. Yeye alikuwa amekaa kwenye benchi na koti la haradali, na pembeni yake sanduku lililofungwa utepe mwekundu. Nililitambua sanduku. Lilikuwa la Baba Furaha, lile alilokuja nalo kutoka Bukavu, na hakuwahi kumwazima mtu.

"Besi," alisema kabla hajaniona. Labda alinijua kwa pumzi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umenenepa."

"Kidogo."

"Usimeze."

"Sana," nikasema.

Akanisogezea nafasi. Alikuwa anakwenda uwanja wa ndege, na kutoka hapo Amerika. Hatimaye alikuwa amepata pasipoti ya nchi hii. "Sasa na mimi nina makaratasi," alisema. Wakili alikuwa bado anajaribu mlango mmoja wa mwisho, lakini mlango huo, alisema, ni mwembamba, na wanaoingia ni wachache. Hakuwa anakwenda kwa ajili ya mlango.

Nikamuuliza jambo ambalo sikuwa nimethubutu kumuuliza kwenye birika la chai, kama anajutia aliyoyaandika. Alifungua pipi taratibu, akaikunja karatasi yake mara mbili.

"Wawili walimeza," alisema. "Mmoja alitamka. Ningeandika nusu, wote watatu wangemeza, na mimi ningekuwa wa nne."

"Na yeye? Anajua kwamba ni wewe uliyeandika?"

"Ameisoma hukumu. Nafasi ya kusoma anayo." Alitazama njiwa. "Tangu ameisoma hajaniandikia. Alikuwa ananiandikia kila mwezi, hata akiwa hana la kusema, ananieleza walichopika. Sasa hakuna."

"Utamwambia nini, Mwalimu?"

"Sijui. Nakwenda tumalizane."

Nililisikia neno hilo kutoka katika kinywa kilekile. Nikajikuta natazama mkono wake. Kidole kilikuwa kimeshika ile karatasi ya pipi, kimelala.

Nilikuwa na maneno makubwa tayari ulimini. Kwamba atamrukia na kumkumbatia. Kwamba milango itafunguka yenyewe kama ile ya Paulo na Sila, na askari jela watapiga magoti. Nilikuwa nayo yote, mnanijua. Nikayaacha.

"Labda atakuwa amekasirika," nikasema.

"Labda," alisema. "Hiyo umeipiga sawasawa." Akanipa pipi hata hivyo.

Basi lilipotangazwa nililibeba sanduku la Baba Furaha, likaingia tumboni mwa basi, naye akapanda kwa kushika chuma, ngazi moja moja. Alikaa dirishani upande wangu. Injini ikawaka, na kioo kile ni kinene. Nikamwona anasema kitu. Sikusikia hata mlio mmoja, lakini yeye hakuwa mtu wa kuhitaji sauti ili aeleweke. Tu, ta, o, na. Sikujua kama ananiaga mimi, au anafanya mazoezi ya neno la mwisho atakalomwachia mwanawe kule, siku ya kuondoka ikifika. Basi likaanza kurudi nyuma. Alikuwa bado hajamaliza. Akafungua kinywa wazi kabisa, nikaliona hadi pengo la jino, akaiweka na ile "na" ya pili.